Hapana Niliyomsemea Baba

Siku ile daktari alimwuliza baba maswali saba. Mimi nilimtafsiria sita. La saba nililijibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kizuri, bila hata kumgeukia mgonjwa, na daktari akaliandika jibu langu kana kwamba limetoka kinywani mwa baba.

Sijawahi kulisimulia jambo hili kanisani, na kanisani kwetu watu husimulia kila kitu: ndoto zao, ugomvi wao na mawifi, hadi matumbo yao yaliyokataa kufunguka. Nimesimama mbele ya watu mara nyingi nikashukuru kwa hili na lile, na hili nimeliruka kila mara. Nina aibu nalo. Nilikuwa na miaka ishirini wakati ule, na sasa nina binti wa umri huo huo, na aibu yenyewe haijapungua hata kidogo.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kutoka Bukavu wakati wa vita vya pili vya Kongo, kwa kupitia Uvira, ziwani na Tanzania, safari ambayo sitaisimulia hapa kwa sababu kila mtu wa Dzaleka anayo yake na zote zinafanana. Baba alikuwa fundi wa kushona. Bukavu alishona suti za maharusi na za wakubwa wa serikali. Dzaleka alikaa kwenye kibanda cha majani karibu na soko la kambi, akitia viraka suruali za watu na kupunguza magauni ya mitumba. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, kwa niaba yangu, na kwa niaba ya cherehani.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, tena kwa Kifaransa, na nilipojikuta katika nchi ambayo Kifaransa hakikupatii hata chumvi, niliapa kukijua Kiingereza kabla ya mtu mwingine yeyote kambini. Nikakijua. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa natafsiri zahanati, natafsiri ofisi ya mgao wa chakula, natafsiri barua zilizotoka ng'ambo. Watu walikuja mlangoni asubuhi wakiuliza, "Binti ya fundi iko?" Na binti ya fundi alikuwepo, amejifunga kitenge chake vizuri, ameshika kalamu ambayo haikuwa na kazi yoyote. Niseme ukweli, niliringa. Hata salamu nilizipokea nusu nusu.

Baba alikuwa pia mzee wa kanisa, na baba alivuta tumbaku.

Kwa asiyetujua nieleze. Katika kanisa letu tumbaku ni dhambi ya wazi, sawa na pombe. Mtu akijulikana anavuta, anawekwa pembeni: anaacha nafasi yake, anakaa benchi la mwisho miezi mitatu, hashiriki meza ya Bwana, haombi kwa sauti. Akiwa ni mzee wa kanisa, watu wa nyumba yake waliojua wakanyamaza wanawekwa pembeni pamoja naye. Mama angeacha kuongoza maombi ya wanawake. Mimi ningeacha kwaya. Na mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo, na mwaka ule kwaya yetu ilikuwa imealikwa kwenda kuimba Area 25, mjini Lilongwe, mbele ya makanisa mengine, na kitambaa cha gauni langu kilikuwa kimeshapimwa na kukatwa na baba mwenyewe.

Wilaya yote ile inayoizunguka kambi inalima tumbaku. Katika kijiji cha jirani kulikuwa na mkulima mmoja ambaye kila alipoleta suruali iliyochanika alilipa kwa majani makavu yaliyofungwa kwa kamba. Baba aliyasokota kwenye karatasi za patroni, zile za kahawia anazochorea vipimo vya nguo kabla ya kukata, akavutia nyuma ya kibanda, uso ukielekea mashambani. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyefua koti lake na kukung'uta mifuko. Mama alijua kwa sababu alilala naye. Hakuna aliyesema. Lilikuwa kama kiraka cha ndani ya koti: kila mmoja anajua kipo, na hakuna anayeligeuza koti.

Jumamosi moja mtu aliyetoka Uvira alituletea habari kwamba mdogo wake baba, aliyekuwa amebaki huko, ameuawa. Baba alisikiliza akiwa ameshika kofia yake mkononi. Hakulia. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida. Jumatatu asubuhi, akiwa anapiga pindo la pazia la mteja, aliliacha gurudumu la cherehani, akatoka jasho shati lote likalowa, akasema mkono wa kushoto unamwuma na kifuani ni kama mtu amemkanyaga. Tulimpandisha kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mimi nikikimbia nyuma nikimshikilia mgongo, hadi zahanati. Mchana alikuwa kwenye gari la wagonjwa kuelekea Lilongwe, nami nimekaa miguuni pake na kalamu yangu.

Alilazwa siku nane. Daktari alikuwa Mmalawi kijana, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Siku ya kumruhusu alivuta kiti akaketi, akasema anataka kujua mgonjwa anaishi vipi kabla ya kumwambia aishi vipi. Upande wa pili wa kitanda alikuwa ameketi mama kiongozi wa kanisa letu, aliyesafiri kutoka Dzaleka tangu alfajiri na sufuria ya supu ndani ya kikapu. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Kiswahili alikisikia hadi cha chumba cha pili.

Maswali matano yalikwenda vizuri. Maumivu yalianza lini, yaliwahi kuja kabla, kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla, anakula nini, analala vipi. Nilipeleka na kurudisha maneno bila kukwama, na niliona mama kiongozi ananitazama kwa fahari, nikaongeza mwendo. Swali la sita lilikuwa hili: yeye mwenyewe anafikiri ni nini kilichompata?

Baba alifikiri kidogo. "Ile habari ya mudogo wangu njo ilinipiga," alisema, kwa ile njo ya kwetu ambayo wengine husema ndiyo. "Moyo ilistuka, ikasimama. Mungu akaianzisha tena. Njo vile tu."

Nilitafsiri na madoido juu yake. Daktari hakucheka. Alisema huzuni inaweza kuusukuma moyo uliokwisha kuchoka, lakini ugonjwa wenyewe haukuingia Jumatatu. Mishipa inayoupelekea moyo damu ilikuwa ikijaa uchafu na kuwa myembamba kwa miaka mingi, na asubuhi ile mmoja uliziba kabisa, sehemu ya moyo ikakosa damu ikafa. Alichora duara na vijito vinavyoingia, akaweka nukta nyeusi kwenye kijito kimoja. "Nataka alielewe hili," aliniambia, "maana mtu atajitunza kwa jinsi anavyoelewa."

Maneno yalikuwa marefu, na baba alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuambiwa kwamba hakukosea. Nikamwambia, "Munganga anasema njo vile, papa. Ni huzuni. Na mishipa pia." Mchoro nikamwonyesha haraka, akatikisa kichwa kwa heshima, kama anavyotikisa kichwa mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa mgeni.

Ndipo likaja la saba. Daktari alikuwa ameshageuza karatasi, kalamu imesimama. Je, anavuta sigara, au tumbaku ya namna yoyote?

Kama ningelitamka swali lile kwa Kiswahili, mama kiongozi angelisikia. Baba angesita, na kule kusita kungetosha. Nililiona benchi la mwisho. Niliona gauni langu limekunjwa sandukuni na msichana mwingine anaanzisha nyimbo zangu Area 25, tena kwa sauti ya puani. Haya yote kwa muda wa kumeza mate. Nikamwambia daktari, "Hapana. Hajawahi kamwe. Ni mzee wa kanisa."

"Vizuri sana," alisema, na nilimwona kweli amefurahi. "Hapo ndipo ningekuwa na maneno mengi kuliko pote." Kalamu yake ikaruka nusu nzima ya karatasi.

Baba akaniuliza, "Alikuwa anauliza nini?"

"Anauliza kama uko muzee wa kanisa."

Mama kiongozi akatabasamu. Baba naye akatabasamu. Mimi nilitazama kucha zangu.

Mengine niliyatafsiri kwa uaminifu, na najua kwamba hilo halinisaidii. Apunguze chumvi, aache mafuta mengi, atembee kila siku kidogo kidogo hadi afike nusu saa, vidonge asiviache hata siku anayojisikia mzima. Mwisho daktari alitupa karatasi iliyochapishwa, ya picha, kwa ajili ya watu wasiosoma Kiingereza: chungu cha chumvi kimekatwa kwa mstari, kipande cha nyama yenye mafuta kimekatwa, mtu anatembea, mkono na kidonge. Picha ya chini kabisa ilikuwa sigara inayotoa moshi, imekatwa kwa mstari mweusi mnene kuliko yote. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaitia kifuani.

Kabla ya kurudi kambini tulikaa wiki tatu Kawale, mtaa wa Lilongwe, kwa shangazi, dada yake baba, aliyeuza vitenge sokoni. Huko ndiko nilikoona maneno ya daktari yakifanya kazi, yaani yale niliyokuwa nimeyaacha yafike. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ni habari mbaya, dawa ilikuwa ni kuzizuia habari. Shangazi alitoa betri za redio akazificha kwenye kopo la unga. Wageni walisimamishwa mlangoni wakaonywa: hakuna kusema Uvira, hakuna kusema Fizi, hakuna kusema nani kapotea. Wakaingia wakiwa hawana la kusema, wakakaa, wakasifu mvua. Na kwa kuwa mgonjwa wa huzuni hufurahishwa kwa chakula, walileta sombe, majani ya muhogo, inayoogelea mafuta ya mawese, samaki wa chumvi, nyama ya nguruwe. Mwenye nyumba atamkatazaje mgeni kumlisha mgonjwa? Baba alikula kwa adabu, chungu baada ya chungu, huku mimi nikisema kwa sauti ndogo kwamba munganga alikataza chumvi, na shangazi akinijibu, "Ile si chumvi, ni samaki."

Kutembea nako kulikuwa kichekesho. Siku ya kwanza baba alipotoka kwenda hadi kwenye vibanda vya soko, shangazi alimfuata nyuma na kiti cha plastiki kichwani. Kila hatua ishirini anakishusha. "Kaa, kaka. Batu batasema tunakufukuza mu nyumba." Baba anakaa, katikati ya njia, baiskeli zinampita kushoto na kulia, Wamalawi wanamwamkia kwa heshima wakidhani ni chifu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku ya nne alichoka kuchekwa akabaki ndani, na hakuna aliyemsukuma kutoka tena. Leo nafikiri kama ningekuwa nimemweleza ule mchoro wa vijito, angekibeba kile kiti mwenyewe akakirudisha nyumbani.

Tuliporudi Dzaleka baba aliuliza, "Ile karatasi ya munganga iko wapi? Tuibandike pale kwa ukuta, nikuwe naiona." Nikasema nitaitafuta. Alipotoka nikaikunjua mezani, nikachukua mkasi uliokuwa karibu, nikaikata picha ya chini. Nilikata vizuri, mstari umenyooka, mtu asingejua. Kile kipande nilikitia motoni chini ya maharage. Karatasi iliyobaki niliibandika kwa ugali juu ya kitanda chake.

Lakini mkasi niliochukua ulikuwa wa kitambaa. Mtoto wa fundi yeyote anajua: mkasi wa kitambaa haukati karatasi, hata iwe nini, maana karatasi inaua makali. Baba alikuwa na mkasi mwingine wa patroni, mdogo, wenye kamba nyekundu. Kesho yake aliushika ule mkubwa, akaufungua na kuufunga mara moja karibu na sikio, akasema, "Nani alikatisha makasi yangu karatasi?"

"Mimi, papa. Nilikuwa nasawazisha ile karatasi ya munganga, ilikuwa ndefu."

Alinitazama. "Mama," alisema. Aliniita mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Weye mutoto ya fundi." Basi. Akaanza kuunoa.

Haikupita miezi miwili, mama akanivuta kando tukiwa tunachambua mboga. "Papa yako anavuta sana siku hizi," alisema, mara ya kwanza maishani kulitaja jambo hilo. "Ya zamani ilikuwa moja, mbili. Sasa hata asubuhi mbele ya chai. Minamuuliza, anasema inamutulizaka moyo. Anasema si munganga njo alisema huzuni ni ugonjwa, basi kile kinatuliza huzuni ni dawa."

Baba hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowatafsiria. Alichukua maneno ya daktari, kama nilivyomfikishia, akayafuata mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa nyuma ya kibanda na karatasi ya patroni.

"Nitaongea naye," nilimwambia mama.

Sikuongea. Zilibaki wiki tatu kwenda Area 25, nikasema baada ya kuimba. Tukaenda, tukaimba, baba alikuja akakaa mstari wa mbele na suti yake ya Bukavu, akipiga makofi nje ya mdundo. Kwenye njia ya kutoka alisimama mara mbili akishika ukuta. Baada ya hapo nikawa na sababu nyingine: nitamwambiaje sasa? Nikimwambia tumbaku inamwua, ataniuliza umejua lini. Kwa hiyo nilifanya vitu vidogo vidogo vya kipuuzi. Nilimwaga chumvi. Nilificha majani yake, akapata mengine. Niliomba, na ninaona aibu kusema niliomba nini: niliomba Mungu amwambie yeye.

Mvua zilipoanza kifua kilimrudia. Si kama mara ya kwanza, lakini alishindwa kupanda hata kile kilima kidogo cha kwenda kanisani, na usiku... sitaki kusema habari za usiku. Wakaturudisha Lilongwe, hospitali ile ile. Daktari wangu kijana hakuwepo. Alikuwepo nesi mtu mzima, mzaliwa wa Karonga, aliyewahi kuishi Mbeya. Nilikuwa nimeshakaa mkao wangu, nimesafisha koo, aliponigusa begani na kusema kwa Kiswahili safi, "Wewe pumzika, dada. Nitaongea na mzee mwenyewe."

Sijawahi kuogopa sentensi kama nilivyoiogopa ile.

Aliuliza mambo ya vidonge, akaridhika. Kisha, bila kubadilisha sauti, "Mzee, unavuta sigara?"

"Siyo sigara," baba alisema. "Tumbako. Navutaka."

Hakusita. Kule kusita nilikokubeba kichwani mwezi hadi mwezi hakukuwepo kabisa.

"Toka lini?"

"Toka ujana. Na kisha ugonjwa njo nilizidisha, ju inanituliza moyo."

Nesi aliweka kalamu chini. Akafungua faili, akapitisha kidole, akasoma, akarudia kusoma. "Hapa imeandikwa havuti. Hajawahi kuvuta." Alimtazama baba. "Mzee, hakuna aliyekuambia kwamba tumbaku ndiyo inayokaza mishipa ya moyo? Kwamba wewe kuliko wote hupaswi kuigusa?"

"Hakuna mwenye aliniambiaka," alisema baba, polepole. "Na hakuna mwenye aliniulizaka."

Nesi akavuta droo akatoa karatasi. Ilikuwa ile ile, ya picha, lakini nzima. Akaiweka mezani mbele yake. Baba akaikodolea. Aliitambua: chungu, nyama, mtu anatembea, kidonge. Kisha jicho likashuka hadi picha ya sigara. Nilimwona akiweka ukucha wa kidole gumba pale pale, kati ya kidonge na sigara, mahali mkasi ulipopita, akauvuta kutoka ukingo hadi ukingo, kama anavyopima kitambaa. Hakuhitaji kunigeukia.

Nesi alinigeukia. "Wewe ndiye uliyemtafsiria?"

Kabla sijafungua mdomo baba alisema, "Mutoto hana kosa, madamu. Kingereza yake ingali kidogo. Alijifunza juzi juzi tu, kule kambi. Ile siku hakuelewa muzuri."

Mimi. Niliyetafsiri barua za watu. Niliyewacheka wenzangu wanapokosea. Nesi akaniuliza kama ndivyo, na sauti yake ilikuwa imeshalainika kwa huruma.

"Ndiyo," nilisema. "Sikuelewa."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la saruji uani, tukisubiri dawa. Baba alinipa ile karatasi. "Sasa nisomee yote, mama. Na ya chini." Nikasoma kila neno, nikamweleza vijito na uchafu wake na ile nukta nyeusi, kama nilivyopaswa kufanya mara ya kwanza. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kama kijito kilichokufa kinaweza kufufuka. Nikamwambia hapana.

Akasema bila ukali, "Ungeniuliza tu. Ningemujibu munganga. Ule mama angesikia, bangeniweka pembeni miezi tatu. Kwani benchi ya nyuma inauwaka mutu?"

Nililia, mbele ya wagonjwa wa watu. Akanipa leso yake nifute uso. Ilinuka tumbaku.

Hakuvuta tena. Majani yaliyokuwa kibandani alimrudishia mkulima mwenyewe, na kila jioni alitembea hadi mwisho wa kambi na kurudi, bila kiti, mikono nyuma. Aliishi mwaka mmoja na miezi kidogo. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba moyo ulikuwa umeharibika sana ile miezi baada ya mara ya kwanza. Alinieleza kwa upole, akidhani ananifariji.

Lakini Jumapili ninayoikumbuka ni ile iliyofuata baada ya kutoka hospitali. Baba alisimama katikati ya ibada, hajaitwa na mtu, akasema, "Bandugu, nilikuwa navuta tumbako, miaka mingi, nikijificha. Nimeacha. Muniweke pembeni sawa vile iko sheria." Akavuta pumzi. "Kwangu mu nyumba hakuna mwenye alijua."

Mama kiongozi alishika mdomo. Mchungaji alishuka, akamshika baba mkono, akampeleka mwenyewe hadi benchi la mwisho. Kisha akarudi mbele, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, akamwuliza mama kama alijua. Mama aliinamisha kichwa, na watu wakaichukua kuwa ni haya ya mke. Halafu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na kwaya, katika gauni lile la Area 25.

"Na weye, binti. Ulijua?"

Nilimtazama baba juu ya vichwa vya watu wote. Alikuwa ameshakaa, kati ya vijana wawili walevi waliokuwa wakimaliza miezi yao. Alinitikisia kichwa, kidogo tu, kulia na kushoto.

"Hapana," nilisema.

Mchungaji akasema Bwana asifiwe, kwaya iendelee, nami nikaanzisha wimbo.